Kutoka Stashahada Hadi Shahada: Suala la Kuhamisha Krediti Kisii na Nyamira

Makala haya yanafafanua uhamishaji wa krediti, yaani utaratibu wa kuyahesabu masomo aliyofaulu mwanafunzi katika chuo kimoja ili asiyarudie katika chuo kingine. Nchini Marekani, anayehitimu chuo cha kijamii cha miaka 2 aghalabu huingia chuo kikuu katika mwaka wa 3, kwa mujibu wa mikataba baina ya vyuo. Kisii na Nyamira, njia hiyo haijanyooka vivyo hivyo.

Historia ya Chuo Kikuu cha Kisii yenyewe ni ya kupanda ngazi. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1983 kikawa cha walimu wa sekondari, mwaka 1994 kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikapata hati yake.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Kwanza, kuna kudahiliwa: stashahada inayotambuliwa humfungulia mlango hata yule ambaye hakupata alama ya C+ katika KCSE. Pili, kuna kuhamisha krediti: idara hulinganisha somo kwa somo, ikipima maudhui, saa na alama. Saa 1 ya mhadhara huhesabiwa sawa na saa 2 za semina au saa 3 za vitendo. Hivyo, mwalimu wa Nyamira aliyesoma fonolojia ya Kiswahili katika stashahada huenda akadahiliwa bila pingamizi, kisha akalazimika kuirudia fonolojia hiyo hiyo.

Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa ya mwaka 2014 ililenga kuziba pengo hili. Mfumo huo huiweka stashahada katika ngazi ya 6 na shahada ya kwanza katika ngazi ya 7. Hata hivyo, uamuzi juu ya kila somo hubaki mikononi mwa chuo kinachompokea mwanafunzi.

Kwa mzazi anayelipa karo kwa mauzo ya chai au ndizi, mwaka mmoja wa kurudia si jambo dogo. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Yafaa mwanafunzi ahifadhi matokeo yake pamoja na muhtasari wa kila kozi, na aombe uamuzi kwa maandishi kabla ya kulipa karo. Idara za Kiswahili nazo ziafikiane mapema na vyuo vya stashahada.