Bomba Hili ni la Nani?

[Muziki wa kipindi, sekunde 10, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Leo tunaongea juu ya maji. Bomba likikauka siku tatu, na madumu yamejipanga foleni, unamwendea nani? Wengi hukimbilia shirika la misaada lililochimba kisima, kumbe lilishakabidhi kazi kwa wengine. Tusikie sheria inasemaje.

Sheria ya Maji ya Uganda ilitungwa mwaka 1995. Inaweka usimamizi wa maji yote mikononi mwa serikali. Waziri anayehusika na maji anaweza kutangaza sehemu fulani kuwa eneo la huduma ya maji, kisha akateua mamlaka ya kulihudumia kwa mkataba. Ndani ya eneo hilo, mamlaka inaweza kutandaza mabomba, kutoza ada na kumkatia maji asiyelipa. Nje ya eneo lake, haina nguvu hizo.

[Sauti ya maji yakijaa kwenye dumu]

MTANGAZAJI: Basi bomba lako linaweza kuwa chini ya mmoja kati ya hawa watatu.

Wa kwanza ni Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, NWSC. Liliundwa mwaka 1972 likahudumia Kampala, Jinja na Entebbe. Leo liko katika miji mingi ya nchi.

Wa pili ni mamlaka za kanda, zinazojulikana kwa jina la Ambrela. Ziko 6, na kazi yao ni kuhudumia miji midogo na vituo vya biashara. Miaka ya karibuni, mitambo ya maji ya baadhi ya makazi ya wakimbizi imetoka kwa mashirika ya misaada ikaenda kwa NWSC au kwa Ambrela.

Wa tatu ni ninyi wenyewe. Sheria inaruhusu kaya zinazotumia kisima kimoja kuunda kikundi, kuchagua kamati na kuchanga pesa za matengenezo. Kwa hiyo mchango wa kisima cha pampu ni wa kukitunza kisima. Kwenye mkutano, omba kamati isome hesabu.

Na je, mto au chemchemi? Hapa sheria inakutaja hata wewe uliye mahali kwa muda tu. Unaweza kutumia maji hayo ya asili nyumbani, kuzimia moto, na kumwagilia bustani ya chakula cha familia. Lakini kujenga mtambo wa kuvuta maji kunahitaji kibali, na kuyachafua ni kosa.

Sasa fanya hivi. Unapolipa, omba risiti na usome jina lililoandikwa juu. Bomba likikauka, andika tarehe na namba ya bomba, kisha mpelekee habari mwenye jina hilo, ukiwa pamoja na mwenyekiti wenu. Asiyeweza kukuonyesha anakusanya kwa niaba ya nani, usimpe pesa kabla hujamuuliza mwenyekiti au ofisi ya makazi.

Kesho ukienda kuchota, muulize anayeshika ufunguo: bomba hili ni la nani?

[Muziki wa kufunga]