Kabla ya Kutafuta Kazi, Mchumi Atafute Swali

Kijana wa Kinna, katika Kaunti ya Isiolo, akipata nafasi ya kusomea uuguzi au ualimu, kila mtu nyumbani anajua atakuwa nani. Akisomea uchumi, jibu halipo tayari. Shahada ya uchumi haimpi mtu leseni, na haimfungi kwenye kazi moja. Ndiyo maana wanafunzi wengi hushika jibu la kwanza wanalolisikia, yaani benki, na hufika mwaka wa nne bila kujua kwamba kulikuwa na njia nyingine.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi na kwa mzazi anayemlipia karo ni huu: msianze na cheo. Anzeni na swali la kiuchumi mnalolijua kwa undani, kisha mtafute ni nani anayeajiri watu wa kulijibu. Kwa mtoto wa wafugaji wa Isiolo Kusini, swali hilo liko mlangoni: familia itahifadhije mali yake wakati mvua inakosekana?

Swali moja, kazi nyingi

Mkenya mmoja, Andrew Mude, aliyesomea uzamifu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alilishughulikia swali hilo akiwa katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI jijini Nairobi. Mwaka 2010, yeye na wenzake walizindua Marsabit bima ya mifugo inayotumia fahirisi. Bima ya kawaida ingemtaka mkaguzi azunguke malisho kuhesabu mizoga, kazi ambayo gharama yake ingemeza malipo yenyewe. Bima ya fahirisi hutumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa, bila mtu kwenda kuhesabu chochote. Mude alipewa tuzo ya Borlaug ya utafiti wa nyanjani mwaka 2016. Serikali ya Kenya nayo ilianzisha mpango wake mwaka 2015, ikawalipia wafugaji ada ya bima, na baadaye mpango huo ukafika Isiolo.

Mwanafunzi aitazame bima hiyo kwa jicho la mtafuta kazi. Kuna aliyeunda hesabu inayohusisha ukijani na vifo vya mifugo: huyo ni mtaalamu wa ekonometriki. Kuna waliohoji kaya mwaka baada ya mwaka ili kujua kama bima inasaidia: hao ni wakusanyaji na wachambuzi wa data. Kampuni ya bima ilihitaji mtu wa kupanga bei. Kampuni ya Takaful ilipoleta bima inayofuata sharia kwa wafugaji wa kaskazini, ilihitajika akili inayoelewa uchumi na dini pamoja. Serikali ilihitaji mtu wa kupima kama fedha za umma zimetumika ipasavyo. Tena kuna kasoro ambayo bado inatafutiwa dawa: setilaiti inaweza kuona kijani, kumbe ni vichaka ambavyo ng'ombe hawali. Aliyechunga anaigundua kasoro hiyo haraka kuliko aliyesoma vitabu peke yake.

Mbuzi mmoja, mahindi kilo ngapi?

Uchumi hujifunzwa kwa kupima, na kupima kunaweza kuanzia sokoni. Mamlaka ya kudhibiti ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti kame, Isiolo ikiwemo. Kipimo kimojawapo ndani yake ni kilo za mahindi ambazo familia inaweza kununua kwa bei ya mbuzi mmoja.

Tuchukue mfano. Mbuzi anauzwa shilingi 4,000 na kilo ya mahindi ni shilingi 80: mbuzi mmoja ni kilo 50. Ukame unaingia, mbuzi anakonda na bei inashuka hadi 2,000, huku mahindi yakipanda hadi 100. Sasa mbuzi yule ni kilo 20. Anayetazama bei ya mbuzi pekee atasema familia imepoteza nusu. Anayetazama bei zote mbili ataona imepoteza asilimia 60 ya uwezo wake wa kununua chakula. Msaada ukipangwa kwa hesabu ya kwanza, hautatosha.

Mwanafunzi akiandika bei hizo kila siku ya soko wakati wa likizo, akazilinganisha na taarifa za NDMA na kueleza tofauti alizoziona, atakuwa na kazi ya kumwonyesha mwajiri. Wahitimu wenye alama nzuri ni wengi. Wenye data waliyoikusanya na kuichambua wenyewe ni wachache.

Mpango wa miaka minne

Miaka miwili ya kwanza ni ya hisabati na takwimu. Wengi huziogopa, lakini ndizo zinazofungua milango ya baadaye. Jifunze lahajedwali vizuri, kisha programu moja ya uchambuzi kama Stata au R. R ni ya bure. Jifunze pia kukusanya data kwa simu au kishikwambi: sensa ya mwaka 2019 iliendeshwa kwa vishikwambi, na tafiti nyingi sasa hufanywa hivyo.

Mwaka wa tatu ni wa mafunzo ya nyanjani. Usisubiri Nairobi. Idara ya mipango na fedha ya kaunti ina kalenda iliyowekwa na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012: mpango wa maendeleo wa mwaka ifikapo Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo Februari 28, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Anayejua kalenda hiyo anajua ni miezi gani mikono inahitajika.

Mwaka wa nne, mradi wa utafiti utoke kwenye swali lako. Isiolo ina mada ambazo vyuo vya mbali vinazitamani. Dedha, baraza la Waborana la kusimamia malisho na maji, ni mfano hai wa jambo lililompatia Elinor Ostrom tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009: jamii inaweza kutunza mali ya pamoja kwa kanuni zake yenyewe. Maziwa ya ngamia yanayokusanywa na akina mama wa Isiolo na kuuzwa Nairobi ni mada nyingine.

Baada ya kuhitimu, Tume ya Utumishi wa Umma ina mafunzo ya kazi ya miezi 12, na taasisi ya KIPPRA hupokea wahitimu vijana kwa mafunzo ya utafiti wa sera. Anayependa hesabu za kampuni aongeze mitihani ya uhasibu ya CPA. Anayetaka utafiti ajiandae kwa shahada ya uzamili, kwa kuwa huko shahada ya kwanza haitoshi. Nafasi za serikali hutangazwa kwa nadra, kwa hiyo asiyezipata asijione ameshindwa. Mashirika ya misaada, vyama vya ushirika na kampuni za bima pia huajiri wachumi.

Tafiti nyingi kuhusu wafugaji zimefanywa na wageni waliohitaji mkalimani kwa kila swali. Mtoto wa Kinna anayejua Kiborana, anayejua thamani ya mtamba wakati wa kiangazi, na aliyesoma takwimu sawasawa, atauliza maswali ambayo wao hawakuyafikiria. Elimu ya nyumbani ni nusu ya taaluma yake. Chuo kimpe nusu ya pili.