Nusu Robo Inakugharimu Kiasi Gani?

"Mangi, mama kasema sukari nusu robo."

Mtoto anaweka sarafu mbili za mia mbili kwenye kaunta. Jiwe la robo lipo, la nusu robo lilishapotea. Mangi, mwenye duka, hahangaiki. Anapima robo, anatoa jiwe, kisha anaigawa sukari ileile kwenye sahani zote mbili mpaka mkono wa mizani utulie. Kila sahani sasa ina gramu 125. Mtoto anafungiwa fungu lake. Chenji hakuna.

Ukitazama vizuri, kilo ya dukani haina kumi, ina nane. Inakatwa nusu, inakatwa robo, inakatwa nusu robo, na nusu robo 8 zikirudi pamoja ni kilo. Kazi hiyo mizani inaiweza hata bila mawe. Mwambie Mangi akate sehemu ya kumi kwa mtindo huo uone kama atafika. Pesa yetu lakini huhesabiwa kwa kumi, na hesabu hizi mbili zisipokutana, pengo hulipwa na anayenunua kidogo kidogo.

Zilikuwa zikikutana

Pishi, kipimo cha zamani, ilikuwa na visaga 2, na kisaga vibaba 2, hivyo nusu kibaba ilikuwa sehemu ya nane ya pishi. Rupia nayo, fedha ya wakati huo, ilikuwa na pesa 64, yaani nane mara nane. Uikate nusu mara sita, unabaki na pesa moja kamili. Mwaka 1904 Wajerumani, katika koloni lao la Afrika Mashariki, waliigawa rupia kwa heller 100. Hapo ukikata unapata 50, kisha 25, kisha umekwama. Alama ya hesabu ya zamani imebaki kwenye neno thumni, yaani sehemu ya nane, jina ambalo wazee waliipa senti 50.

Njia nne za kununua kilo moja

Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000, na sarafu ndogo inayopokelewa dukani ni ya 50.

- *Nusu robo mara 8.* Bei ya haki ni 375, lakini sarafu ya 25 haipo, kwa hiyo unalipa 400. Jumla 3,200. Umezidishiwa 200.
- *Robo mara 4.* Kila robo 750. Jumla 3,000, hakuna kilichopotea.
- *Kilo kwa mkupuo.* 3,000. Inafaa, ila inataka pesa yote siku moja, na sukari ikiwa nyingi kabatini mkono nao huwa mwepesi.
- *Kwa pesa: "nipe ya mia tano."* Kwenye mizani ya kidijitali utapata kama gramu 166, na hesabu ni ya haki. Ukipewa kifuko kilichofungwa tangu asubuhi, omba kipimwe mbele yako.

Bei ya kuikwepa

Kanuni yake ni nyepesi. Bei ya kilo ikigawanyika kwa 400, kama 2,800 au 3,200, nusu robo haina hasara. Ikigawanyika kwa 200 tu, kama 2,600 au 3,000, nunua kuanzia robo. Bei kama 2,900 ni mbaya kwa wote wawili: robo inatoka 725 na kupandishwa mpaka 750, nusu robo inatoka 362.50 na kupandishwa mpaka 400. Anayenunua nusu robo huko analipa 3,200 kwa kilo, sawasawa na duka la jirani linalouza 3,200 waziwazi.

Je, tuhamie gramu 100? Kwa bei ya 3,000 ingekuwa 300 kamili. Lakini mawe manne ya gramu 100, 200, 200 na 500 yanaishia kilo moja, wakati manne ya nusu robo, robo, nusu na kilo yanapima kila hatua mpaka kilo moja, robo tatu na nusu robo. Au tugeuze kila kitu kiwe cha nane, pesa na saa pamoja? Alfred B. Taylor, mfamasia wa Marekani, alilipigania wazo la namna hiyo katika karne ya 19. Gharama yake ni taifa zima kujifunza kuhesabu upya, ambapo baada ya 7 unaandika 10. Bei hiyo hailipiki kwa ajili ya sukari.

Ushauri wetu: mwenye duka apange bei zake kwa 400, na mnunuzi ajibane siku ya kwanza afike robo. Kwa bei ya 3,000, nyumba inayonunua nusu robo kila siku hulipa 12,000 kwa siku 30, badala ya 11,250. Tofauti ni 750, bei ya robo kilo ya sukari ambayo haikufika nyumbani.