Mume na Mke Safarini: Funzo Kutoka Bahari ya Karibi

 

Hapa Lanet, mwendo mfupi kutoka mji wa Nakuru kwa njia ya Nairobi, tuna jirani na mwenzetu wa msikitini ambaye kwa miaka mingi alikuwa dereva wa lori. Kila juma akipakia mzigo katika bandari ya Kilindini na kuupeleka Malaba hadi Uganda. Mkewe ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeolewa bara angali msichana. Watoto wao wamekua, na wa kwanza anaishi Marekani. Wazazi hawa walipotimiza miaka 31 ya ndoa, kijana huyo aliwaletea zawadi: siku saba ndani ya meli kubwa ya matembezi, kutoka Miami, kuzunguka visiwa vya Karibi, na kurejea Miami.

Walikuja kwetu kuuliza kama safari hiyo yafaa. Mzee aliuliza, mkewe akasikiliza.

Tulijibu kama tulivyofunzwa. Safari yenyewe ni halali, madhali haikulipiwa kwa mkopo wa riba. Kasino ya melini hufunguliwa meli ikishafika bahari kuu. Wapite mbali nayo. Pombe huuzwa kila pembe. Wasikae meza inayonyweshwa. Kuhusu nyama, waulize kabla ya kusafiri kama watapikiwa ya halali. Ikikosekana, samaki, mayai na mboga vyatosha. Sala za rakaa nne watazipunguza ziwe mbili, na wana ruhusa ya kukusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Watasali kwa kusimama, na anayechelea kuangushwa na mawimbi atasali kwa kukaa. Kibla chetu hapa Lanet kiko upande wa kaskazini, lakini pande zile huwa kaskazini-mashariki, na meli hugeuka. Basi wachukue dira. Tena viza ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani meli hutoka katika nchi ile na kurudi.

Tuliridhika na jibu letu. Hatukutambua wakati ule kwamba mama yule, aliyeketi mbele yetu saa nzima, hatukumwuliza hata neno moja.

Waliporudi walitusimulia, na wote wawili wametupa idhini ya kuandika haya bila ya kutaja majina.

Meli ilikuwa na abiria kwa maelfu. Watumishi wake wengi walikuwa watu wa Ufilipino, India na Indonesia. Aliyewasafishia chumba alikuwa Mwislamu wa Indonesia. Aliposikia salamu yao alifurahi mno, na siku ya pili akawaletea shuka safi ya kusalia. Mzee alipitisha siku mbili za mwanzo akipiga hesabu, hasa alipogundua kwamba malipo ya watumishi huongezwa kila siku katika hesabu ya chumba. Mkewe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakuwa na jiko la kuwasha wala mgeni wa kumpokea.

Alfajiri ya siku ya tatu, mzee aliamka asimwone. Alimtafuta akamkuta juu kwenye sitaha, ameshika chuma cha ukingoni, analia.

"Kuna nini, mama watoto? Unaumwa?"

"Siumwi. Nanusa bahari."

Mzee akacheka kidogo. "Bahari ni bahari tu. Mimi nimeiona kila juma Kilindini."

Mkewe akamjibu bila ya hasira: "Wewe umeiona kila juma, baba watoto. Mimi tangu unioe nimeiona mara nne, na zote nilikuwa nimekwenda matangani."

Mzee alituambia kwamba alitafuta neno la kusema, asilipate. Miaka yote ile lori lake lilishuka kwao mkewe na kupanda, wala hakumwuliza kama angependa kwenda kuwaona wazazi wake wangali hai. Walikaa pale hadi jua likapanda. Naye akamweleza jambo ambalo hakuwahi kulisema: jinsi alivyokuwa akiuogopa mteremko wa Salgaa, ambako madereva wenzake wengi walifia, na jinsi alivyokuwa akiingia nyumbani kimya, mkewe akidhani amechukizwa na chakula.

Ndugu zetu, Mtume wetu (S.A.W.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze, na aliyetokewa na kura alifuatana naye. Safarini alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), akashindwa, na baada ya muda akamshinda, wakataniana. Kidani cha Bi Aisha kilipopotea njiani, msafara mzima ulisimama kukitafuta mahali pasipokuwa na maji, na hapo ndipo ilipoteremka aya ya kutayamamu. Jeshi lilisimama kwa ajili ya kidani cha mwanamke. Wangapi kati yetu husimama kusikiliza maneno yake? Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu ametaja utulivu, mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni miongoni mwa ishara Zake.

Hatuwahimizi wasomaji wetu kuitafuta Karibi. Kijana yule alilipia meli upande wa pili wa dunia ili baba yake apate kujua kwamba mama yake alikuwa na hamu ya kwao, mahali panapofikiwa kutoka Lanet kwa siku moja: gari hadi Nairobi, kisha treni ya Madaraka inayokwenda Mombasa tangu mwaka 2017. Swali lenyewe halina nauli.

Usiku ule sisi nasi tulimwuliza mwenzetu wa nyumbani kama kuna jambo alitamanilo ambalo hatujapata kumwuliza. Kwanza alitaka kujua kama tu wazima wa afya. Kisha akalitaja. Si gumu wala si ghali, na hatukuwa tukilijua.

Nanyi dada zetu, msingoje miaka 31. Semeni kwa upole, mapema.

Mwezi wa Agosti jirani zetu waliteremka Mombasa siku kumi, wala hapakuwa na msiba. Kila jioni walikaa Mama Ngina wakila mihogo ya ndimu na pilipili, wakitazama meli zikiingia Kilindini.