Kura za jamaa na mbabula bora

Ninatengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, hapa Nyakabere, kwa bati la mapipa makuukuu na udongo wa ndani unaotunza moto. Vijana wakiniomba nizipigie kura kazi zao katika mashindano ya ufundi mtandaoni, nauliza kwanza: kura zinahesabiwa vipi?

Maana kura huko hufuata jamaa na mega za intaneti. Mwenye shangazi Bujumbura na binamu Ubelgiji hukusanya mamia kwa jioni moja. Fundi asiye na umeme wa kuchaji simu hupata za majirani tu. Hakuna aliyeiba. Lakini pia hakuna aliyewasha mbabula aone kama makaa ya sahani moja yanaivisha maharage, au kama bati linapasuka kwenye mshono baada ya mvua moja.

Wapo waliolifikiria jambo hili. Shindano la televisheni la Big Brother Africa liliihesabia kila nchi kura moja, ili wingi wa Wanigeria usiimeze Malawi. Royal Academy of Engineering ya Uingereza, katika tuzo yake ya wahandisi wa Afrika, huwaachia majaji kumchagua mshindi. Mwaka 2015 walimpa Askwar Hilonga wa Arusha pauni 25,000 kwa chujio lake la maji.

Mimi ningechanganya: watu wapunguze orodha hadi kazi kumi, kisha mafundi wazishike kwa mikono, wazipime. Na majina ya mafundi hao majaji yatangazwe kabla kura ya kwanza haijapigwa.