Mgeni amekuja: uliza juu ya hewa ya shimoni

Ndugu mfanyakazi, unalijua tangazo lile linalobandikwa ukutani, pale mnapochukulia taa. Linasema: siku fulani, saa fulani, mainjenieri na mafundi watakutana, na mgeni atakuja kuzungumza. Wewe umetoka zamu, umechoka, njaa inauma. Unasoma, unatikisa kichwa, unasema: «Hayo ni mambo ya mainjenieri.» Halafu unashika njia ya nyumbani.

Leo tunakuomba usipite tena. Mkutano huo ni wako, maana hewa ya chini ya udongo ni wewe unayeivuta.

MLANGO UPO

Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka kila kampuni iwe na kamati ya usalama na usafi wa mahali pa kazi, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Kwa wachimbaji wa mikono, Serikali iliweka ofisi ya kuwasaidia kwa ufundi, SAESSCAM, ambayo tangu mwaka 2017 inaitwa SAEMAPE.

Basi mlango upo. Lakini kamati isiyoulizwa hulala. Injenieri anajua vitabu na vipimo. Hajui kwamba juzi, mwisho wa njia ya chini, wewe na mwenzako mliumwa kichwa kwa wakati mmoja. Jambo hilo unalijua wewe. Mgeni naye, hata awe na elimu namna gani, hawezi kujibu swali ambalo hakuna mtu aliyemuuliza.

MAZUKU YANATUFUNDISHA

Watu wa Sake na Goma wanayajua mazuku. Ni gesi ya dioksidi kaboni inayotoka ardhini katika nchi ya volkano. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hutelemka na kukaa mabondeni na mashimoni, kama maji yasiyoonekana. Usiku na alfajiri, upepo ukilala, hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Wataalamu wa volkano wa Goma wameyapima, na wao ni wageni wazuri wa kualika mkutanoni.

Mtu mzima anaweza kupita mahali pa mazuku kichwa chake kikiwa juu ya gesi. Mtoto anayemfuata nyuma, kichwa chake kimo ndani. Mama, ukiona mbuzi, mbwa au ndege wamekufa bondeni bila jeraha, usimwache mtoto kucheza pale, na wewe mwenyewe usiiname kuwaokota.

Ndugu wa Walikale atasema: «Kwetu ni msitu, volkano ziko mbali.» Ni kweli. Lakini shimo lenye mlango mmoja hujitengenezea hewa mbaya yake lenyewe. Watu wanapumua ndani, miti ya kushikilia inaoza, moshi wa baruti unabaki, na upepo haupiti. Katika hewa nzuri, oksijeni ni karibu sehemu 21 kwa kila 100. Ikishuka karibu na 16, mshumaa huzimika. Ikishuka chini ya 10, mtu huanguka upesi, bila kupata nafasi ya kuita.

Hapo kuna hatari nyingine. Motopompe na jenereta hutoa gesi ya monoksidi kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo haizimi mshumaa. Mshumaa unawaka vizuri, na mtu anakufa kando yake. Kwa hiyo mshumaa haukuhakikishii kitu, na mahali penye gesi ya kuwaka unaweza kuleta mlipuko. Chombo cha kupimia gesi ndicho kinachosema ukweli. Na mashini ya mafuta isiteremshwe shimoni kamwe. Hata ikikaa nje, moshi wake uwe mbali na mdomo wa shimo, na mbali na mahali ambapo mashini ya kupulizia hewa inavuta.

ANAYEKUFA WA PILI

Unajua namna inavyotokea. Mmoja anaanguka chini. Ndugu yake anasikia kimya, anashuka mbio kumchukua. Naye anaanguka. Wa tatu anasema: «Siwezi kuwaacha.» Anashuka.

Mwaka 1986 taasisi ya Serikali ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi, NIOSH, iliwaonya wafanyakazi kwamba zaidi ya watu 60 katika kila 100 waliokufa katika matangi, mashimo na mahali pengine pa kufungika walikuwa wameingia kuokoa wengine. Hawakuwa wazembe. Walikuwa na moyo mwema, lakini hakuna aliyewaambia mapema la kufanya.

Neno hilo halifundishwi siku ya ajali. Siku ya ajali watu wanalia na kusukumana. Linafundishwa mkutanoni, watu wameketi, na kila mtu anaweza kuuliza.

WAZEE WA NEWCASTLE

Mikutano ya namna hii imeokoa watu zamani. Tarehe 25 Mei 1812, katika mgodi wa makaa wa Felling, karibu na Newcastle huko Uingereza, gesi ililipuka ikaua watu 92, watu wazima na vijana. Mwaka uliofuata watu wa Sunderland waliunda chama cha kuzuia ajali za namna hiyo. Katika mwaka 1815 mtaalamu mkubwa, Humphry Davy, alialikwa kusaidia. Alifika, aliwauliza watu wa migodi, akachukua gesi yao kuipima. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ametengeneza taa yenye wavu wa waya.

Lakini sikia na jambo la pili. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, George Stephenson, fundi wa mashini wa mgodi wa Killingworth, alisimama mbele ya chama cha wasomi wa Newcastle akawaonyesha taa aliyoitengeneza yeye. Stephenson alijifunza kusoma akiwa kijana mkubwa tayari. Basi mgeni wa kusema mkutanoni si lazima atoke mbali, wala si lazima awe na diploma. Kapita aliyeshikilia miti ya shimo miaka 20 ana neno la kuwaambia vijana.

Taa hiyo haikumaliza vifo. Wakuu wengine waliitumia kuwapeleka watu mahali ambapo zamani palifungwa kwa sababu ya gesi. Ndiyo maana chombo kipya peke yake hakitoshi. Mwaka 1852, baada ya ajali nyingine, mainjenieri wa Newcastle walianzisha chama chao cha kukutana, kusomeana habari za hewa ya migodini na kuziandika, ili aliyejifunza mmoja wajifunze wote.

MKUTANO UNAOFAA

Mkutano mzuri hufanywa saa ambayo watu wa zamu zote mbili wanaweza kufika. Husemwa kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Mgeni akitumia Kifaransa, mmoja atafsiri. Mgeni aseme kwa muda mfupi, maswali yapate muda mrefu. Na kila uamuzi uandikwe katika daftari: nani atafanya nini, na siku gani. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma daftari hilo. Jambo ambalo halikufanywa lionekane mbele ya wote.

Katika nchi yetu, vita huvunja hata ratiba ya mikutano. Mwezi wa Machi 2025 kazi ya mgodi wa Bisie, katika Walikale, ilisimama kwa sababu ya mapigano, ikaanza tena mwezi wa Aprili. Mahali popote kazi iliposimama, shimo halikupata hewa. Kurudi kazini baada ya siku nyingi ni siku ya kukutana kwanza, kupima hewa, kupuliza, kupima tena, ndipo watu washuke.

MASWALI YA KUPELEKA

Ukisikia mgeni anakuja, chukua haya:

1. Hapa kwetu ni nani anayepima hewa, na anapima kabla ya kila zamu?
2. Chombo chake kilijaribiwa lini mara ya mwisho?
3. Baada ya baruti, tungoje muda gani kabla ya kuingia?
4. Mashini ya kupulizia hewa ikizimika, ni nani anayetoa amri ya kutoka?
5. Mwenzetu akianguka ndani, tumwite nani, na kamba, hewa na vifaa vya kuokolea viko wapi?
6. Kanuni za wachimbaji wa mikono zinakataza kushuka zaidi ya mita 30. Shimo letu lina mita ngapi?

Usione haya. Kuuliza si ujinga. Na wewe mama wa nyumbani, ukimwona mume wako anarudi kila siku na maumivu ya kichwa na kizunguzungu, yanayopungua siku ya mapumziko, usimpe dawa tu ukanyamaza. Mpeleke kwa mganga wa dispensari, na umtume mkutanoni na swali hilo. Huenda wenzake wanaumwa vile vile, na kila mmoja anafikiri ni malaria yake peke yake.

Safari ijayo utakapoliona tangazo ukutani, simama. Soma siku na saa. Mwambie na mwenzako asiyejua kusoma. Halafu njoo na swali lako.