Mzigo Hupimwa Kabla ya Kujitwika

Hivi karibuni nililala katika nyumba moja ya wageni mjini Tabora. Baada ya Swala ya Alfajiri nilimkuta binti mmoja akideki ukumbi wa mapokezi, ndoo ubavuni, mtandio umefungwa vizuri kichwani. Nilimsalimu, nikamuuliza kwao ni wapi. "Ulyankulu, baba." Nikamuuliza mkataba wake unasemaje, akacheka kwa haya. "Mkataba gani, baba? Niliambiwa tu nianze kesho yake." Kisha akanieleza kwamba mwezi uliopita alikatwa mshahara kwa sababu ya taulo mbili ambazo mgeni aliondoka nazo.

Maneno hayo yalinikaa moyoni kwa sababu ya mahali alikotoka. Ulyankulu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kaliua, ni miongoni mwa nchi zilizokuwa chini ya Mtemi Mirambo. Wanyamwezi ndio walioufanya upagazi kuwa kazi yenye heshima na kanuni zake katika njia ndefu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Kijana ambaye hajawahi kufika pwani alihesabiwa bado mtoto. Wengi waliondoka wakati wa kiangazi, wakarudi nyumbani kulima mvua ziliponyesha.

Mpagazi wa aina hiyo hakuinua mzigo kwa kuambiwa tu. Kwanza aliujaribu uzito wake. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, na juu yake aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha. Ujira ulipatanwa, na posho ya njiani ikajulikana. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, ambaye wapagazi walimtambua kuwa kiongozi wao. Mzigo ukizidishwa au posho ikipunguzwa, watu walitua mizigo chini, na wengine wakatoroka usiku. Burton na Speke waliofika Tabora mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, waliandika malalamiko mengi juu ya wapagazi wao. Ukiyasoma malalamiko hayo kwa jicho la mpagazi, utaona watu waliojua thamani ya mabega yao.

Sisemi haya kwa kuipamba njia ile. Ilipitisha pembe za ndovu, ilipitisha pia watumwa, na si kila aliyebeba mzigo alikuwa huru. Lakini huyo aliyekuwa huru alijua kupatana. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ikafifia. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na wanaume wakakamatwa kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Leo vijana wa Ulyankulu, wakiwamo watoto wa familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 na baadaye kupewa uraia, huacha mashamba na mabani ya tumbaku wakaenda mijini. Wavulana hupokea mabegi ya wageni mlangoni. Mabinti hutandika vitanda na kusafisha vyoo. Wazazi huuliza kwanza kama kazi hiyo ni halali, na kama binti atasalimika ndani ya vyumba vya watu. Ni maswali ya haki. Usafi ni kazi njema, na binti ana haki ya kusisitiza kwamba mlango wa chumba ubaki wazi anapofanya kazi na kwamba asiingie mgeni akiwamo. Lakini swali la tatu haliulizwi nyumbani: wamepatana nini?

Waislamu tuna mfano wa kazi ya ujira katika Suratul Qasas. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu, alipewa kazi ya kuchunga. Hata hivyo masharti yalitajwa kabla hajaianza: miaka minane, na kama angetimiza kumi, hiyo ingekuwa hiari yake. Mtu mwenye njaa na hofu alijua mwanzo na mwisho wa mzigo wake.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: aina ya kazi, tarehe ya kuanza, saa, mahali na malipo. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, na ya uzazi ni siku 84. Unyanyasaji wa kijinsia kazini umekatazwa.

Na zile taulo? Mwajiri hawezi kukata tu kwa sababu kitu kimepotea. Lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, ithibitike kwamba hasara ni kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake. Binti yule hakuulizwa hata neno moja. Mwenye shauri kama lake anaweza kwenda katika chama cha wafanyakazi wa hoteli, CHODAWU, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi asichelewe, kwani muda wa kufikisha shauri lake ni siku 30.

Nilipoondoka, binti yule alinipokea begi na kulibeba hadi mlangoni, ingawa nilimkataza. Alikuwa bado analifikiria lile jambo.

"Hiyo karatasi, baba, nimwombe meneja au mwenye nyumba?"

Nikamwambia amwombe anayemlipa, na asiende peke yake.

"Basi nitakwenda na dada wa jikoni," akasema. "Yeye ana miaka sita hapa, naye hana."